Jina Lililolala Kati ya Dada Wawili

Wajukuu zangu, mkisikia kwamba Bibi Sakina wa Tanga amestaafu kazi ya kuwahudumia makabaila wa Kiingereza, mnacheka. Chekeni. Mimi mwenyewe nilicheka kabla yenu. Shuleni kwetu enzi zile tulipangwa mstarini asubuhi tukaimba kwamba kabaila ni mnyonyaji, ana mrija, na mrija wake sharti ukatwe. Tuliimba mpaka koo zikauma, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona kabaila kwa macho yake. Mimi nimekuja kuwaona hapa Toronto, na wallahi wengi wao walikuwa wakisubiri basi kwenye theluji kama mimi.

Juzi kijana mmoja wa jumuiya yetu, yule ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza cha puani, aliniuliza kazi yangu hasa ilikuwa nini. Nikamwambia nilikuwa natafuta warithi. Akadhani warithi wa nyumba. Nikasema la, warithi wa majina. Akanitazama utadhani nimemwambia nauza upepo. Basi naandika haya ili yeye na nyinyi wenzake mjue kwamba upepo unauzika, na kwamba dunia ina kazi nyingine mbali na uhasibu na kompyuta ambazo wazazi wenu wanawasukumia usiku na mchana.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani katikati ya mji, juu ya duka la miwani. Mwenyewe alikuwa Bwana Pringle, Mwingereza mrefu mwembamba, mwenye sweta moja la kijani alilolivaa baridi na joto. Mawakili wa London walimtumia kazi: bwana fulani mwenye cheo amefariki, hana mtoto, tunasikia kuna damu yake ilihamia Kanada, itafuteni. Mimi nilikuja kwake nikiwa mgeni, vyeti vyangu vya ukarani havina maana kwa mtu yeyote katika nchi hii. Kwenye usaili akaniuliza kama ninamjua babu wa babu yangu. Nikamtajia. Nikamtajia na wake zake, na watoto wa kila mke, na nani alimnyima nani mkono msibani na kwa sababu gani. Akaweka kalamu chini. "Anza Jumatatu," akasema.

Mzee yule alinifundisha kazi, Mungu amlipe. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba anza na wafu, kwa sababu aliye hai ana jambo analolitaka, na maiti hataki kitu. La pili, familia ikimsifu sana babu mmoja, wewe mtafute ndugu yake wasiyemtaja. Hapo ndipo penye habari. La tatu nililiongeza mimi, naye akalikubali: ukitaka kuujua ukoo, usimpigie simu mwanamume. Mpigie shangazi, baada ya chakula cha mchana, na usiwe na haraka. Mwanamume atakwambia babu alikuwa askari. Shangazi atakwambia babu alikuwa askari, alimkimbia mke, akaoa kwingine bila talaka, na vijiko vya fedha viko kwa nani mpaka leo.

Tena nilikuwa na ujanja wangu. Waingereza wakisema "binamu" wao huwatia watu wote kapu moja, wa kuumeni na wa kukeni, wa karibu na wa mbali. Mimi michoro yangu ya ukoo niliiandika kwa Kiswahili: mtoto wa baba mkubwa, mtoto wa shangazi, mtoto wa mama mdogo. Bwana Pringle akajifunza maneno yale. Ilikuwa raha kumsikia anamwambia wakili wa London kwenye simu kwamba marehemu alikuwa na "mjomba", halafu anahangaika kumfafanulia.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tulikuwa tunasoma vitabu vya makanisa kwenye mikanda ya picha, ndani ya chumba chenye giza, macho yanatoka machozi. Leo bonyeza kidogo, umemwona babu. Wengine wanatema mate kwenye kichupa, wanayapeleka maabara, wanaletewa ndugu. Sikatai. Lakini mate hayakwambii nani alimwoa nani kwa ndoa halali, na cheo cha Kiingereza kinataka ndoa kuliko kinavyotaka mate. Kwa hiyo msitupe makaburi wala mashangazi.

Wateja nao walikuwa vituko. Alikuja bwana mmoja wa Brampton, dereva wa lori, na cheti alichokinunua kwenye intaneti. Kilisema yeye ni Lodi, bwana mkubwa, wa kiwanja fulani huko Skotlandi, kiwanja chenyewe hata mbuzi hawezi kukilalia akanyoosha miguu. Akataka tumthibitishe. Bwana Pringle akampa chai, akamsikiliza kwa adabu zote, akamweleza polepole kwamba amenunua karatasi nzuri. Yule bwana alipofika mlangoni akaninong'oneza, "Sasa mke wangu nitamwambia nini? Nimeshamwambia yeye ni Ledi." Nikamwambia, "Mwambie ukweli. Wanawake huwa tumeshajua." Akacheka, masikini, akaenda zake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa wengi hupotea. Vyeo vya Waingereza havikuumbwa vyote namna moja. Vya zamani kabisa vilianza kwa mwito. Mfalme alimwita bwana fulani mwenye ardhi na askari: njoo, nataka shauri lako. Akija akaketi na wakubwa wenzake, basi amekuwa baroni, yeye na kizazi chake. Mwito ule haukutaja warithi ni kina nani, kwa hiyo wakikosekana wa kiume, jina hupita kwa binti. Vyeo vya baadaye vikaja na hati, na hati husema waziwazi: huyu, na wanaume watakaotoka kwake, baba kwa mwana. Wanaume wakiisha, cheo kimekufa.

Jina la mwito likifika kwa mabinti, hapo pana ajabu. Wavulana kwao hawako sawa hata kidogo, mkubwa huchukua chote na wadogo wakatafute maisha. Lakini mabinti wako sawa. Mbele ya jina hakuna dada mkubwa wala mdogo. Na jina haligawanyiki. Sisi wenye mirathi yetu, mwanamume hisa mbili mwanamke hisa moja, tunajua kugawa. Hata mnazi mmoja tutaugawa. Jina utaligawaje? Basi linalala. Litalala mpaka kizazi cha dada mmoja kimalizike, liamke lenyewe upande wa pili, au mpaka dada mmoja amwombe Mfalme amwamshie yeye, na mwenzake aridhie.

Mwanzo niliona ni upuuzi mtupu. Baadaye nikaanza kuwaheshimu watu hawa. Yako majina yaliyolala vizazi na vizazi na hakuna aliyeyasahau, kama sahani ya chakula ambayo mama ameifunika kwa ajili ya mtoto aliyechelewa, hataki mtu aiguse. Kukumbuka namna hiyo ni kazi, na mimi kazi naiheshimu popote ninapoiona.

Basi ndipo ukaja ukoo wa Hesterley. Walianza kwa mwito, wakawa mabaroni. Baadaye sana mmoja wao alifanya ushujaa vitani akaongezewa cheo cha Erli, kikubwa kuliko ubaroni, kwa hati ya wanaume tu. Erli wa mwisho alifariki kwao Uingereza, mzee kapera, hana ndugu wa tumbo moja. Uerli ukafa naye siku ile ile. Ubaroni ukabaki, ukatafuta pa kwenda, ukavuka bahari ukaja mpaka Toronto, kwa mabinti wawili wa baba yake mdogo aliyewahi kugombana na nduguze akahamia huku kufanya kazi kwenye reli. Mabinti wenyewe walikuwa mabibi vikongwe, na huyo Erli hawakuwahi kumwona.

Mkubwa alikuwa Doroti. Alikaa Crescent Town, kwenye yale maghorofa ambako ukiingia lifti unasikia lugha za nusu ya dunia na harufu za mapishi ya nusu nyingine. Hakuolewa, hakuzaa, na moyo wake ulikuwa umechoka. Madaktari walishamwambia ajiandae. Mdogo alikuwa Wini, muuguzi mstaafu, mjane, mwenye nyumba nje ya mji, Pickering, na binti mmoja. Wakati huo nilishazoea kupeleka habari kama hizi, nami nilijua watu huzipokeaje. Kwanza hucheka, kisha hukaa kitini, kisha huuliza kama kuna ngome.

Hapakuwa na ngome. Wala shamba, wala fedha, wala kiti bungeni. Jina tupu. Nikawaeleza, kila mmoja kwake, kwamba mmoja wao aombe na mwenzake atie sahihi ya kuridhia, na shauri litakuwa jepesi. Doroti akaangalia dirishani. "Sitaki," akasema. "Mpeni yeye." Nikaenda Pickering. Wini akakunja uso. "Mimi? Thubutu! Mpeni yeye, jina ni lake." Nikarudi kwa Doroti. Akapandisha sauti mpaka akakohoa. "Nimeshasema mpeni yeye! Yeye achukue kila kitu!"

Wajukuu zangu, nyinyi mmezaliwa huku, labda hamjui. Kwetu, ukikaa kwenye mirathi ukasikia mtu anasema "mimi sitaki kitu, mpeni yeye vyote", jua hapo moto unawaka. Anayesema hivyo ana jeraha la miaka. Nimeona shangazi zangu wakisusia shamba la minazi kwa maneno hayo hayo, wakakaa bila kusalimiana mpaka mmoja akaingia kaburini. Nikajisemea, hawa mabibi wamegombana, na mmoja anakufa.

Aliyenithibitishia alikuwa Mama Neema, mhudumu wa Doroti, mwanamke wa Bukavu, kule Kongo, mwenye mikono ya nguvu na roho ya pamba. Alinivuta jikoni. "Mama Sakina, hawa badada banagombana mu telefone kila siku! Jana bibi amelia mpaka nikamupatia dawa. Anasemaka tu, yeye achukue, yeye achukue. Dimanche, siku ya kanisa, dada yake akikuya, banakaa kimya, banaangalia televizyo."

Nikampelekea Bwana Pringle shauri lile. Akavua miwani. "Sakina, tuwaache," akasema. "Hatushurutishi mtu. Bibi mkubwa hana mtoto. Siku atakayofariki jina litaamka lenyewe kwa mdogo wake, bila maombi, bila sahihi." Kwa sheria alikuwa sahihi kabisa. Tena ofisini tulikuwa na kanuni yake moja ngumu kama jiwe: usizikalishe pande mbili chumba kimoja. Kila upande na kikao chake. Alishaona watu wakirushiana vikombe.

Mimi sikulala. Nilimwambia mume wangu, Abbas, kwamba watu wa tumbo moja wataachana duniani na kinyongo, na mimi ndiye niliyekipeleka mlangoni kwao. Abbas akageukia ukutani. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," akaniambia. "Na wakipatana?" nikamuuliza. "Chukua kapu ukavune," akasema, "na sasa zima taa."

Sikuchukua jembe. Kumtembelea mgonjwa ni thawabu, na ofisi haina amri juu ya thawabu zangu. Jumamosi nilikaanga visheti, nikatia kahawa kwenye chupa, na tangawizi ya kutosha, fomu za maombi nikazitia mkobani, nikapanda treni mpaka Crescent Town. Wini nilikuwa nimempigia simu aje, nikamwambia kuna jambo la kuzungumza mbele ya dada yake. Nilikusudia kuwafanyia suluhu, kikao cha kwetu hasa, kama walivyofanya wazee wangu. Mama Neema akanisaidia kupanga viti. Wao wawili tukawakalisha wakitazamana, mimi katikati, naye akasimama mlangoni mikono kifuani, asitoke mtu.

Suluhu ya kwetu huanzia tumboni. Niliwalisha kwanza, hakuna kusema. Walikula kwa woga, wanatupiana macho. Visheti vilipofika nusu nikajisafisha koo nikaanza, kwa Kiingereza changu cha Tanga, maneno ya marehemu babu yangu: kwamba nyinyi mmetoka tumbo moja, mmenyonya ziwa moja, kwamba damu haiwi maji, kwamba dunia ni mapito na hakuna anayezikwa na kinyongo akalala vizuri. Nikawaambia yaliyopita si ndwele. Nikamgeukia Wini, mdogo ndiye huanza, nikamwambia amshike dada yake mkono amwombe radhi.

Wini akamtazama Doroti. Doroti akamtazama Wini, kisheti mkononi. Halafu yule mdogo akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, Mama Neema akaja kumpiga mgongoni.

"Radhi ya nini?" akauliza, anajifuta machozi.

"Ya ugomvi wenu," nikasema.

"Ugomvi tunao," akasema Wini. "Ni huyu mkaidi hapa. Namwambia achukue jina, hataki. Kila siku nampigia simu, hataki!"

"Na wewe?" akasema Doroti. "Nani mkaidi? Mimi leo au kesho naondoka. Nikichukua mimi, itakuwa kumvika maiti kofia. Chukua wewe, una binti, jina litapata pa kwenda. Jambo dogo kama hilo, unanililia kwenye simu!"

Lo! Nilitamani sakafu ipasuke, nishuke kwa jirani. Miaka yote ile kwenye kazi niliwaona watu wakivuta, huyu ang'ang'anie huku na yule ang'ang'anie kule. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona watu wakisukumiana, na mimi nikawachukulia vita. Mama Neema akaniuliza pembeni, "Sasa, banagombana ao hapana?" Nikamwambia hapana, mama, wanapendana, tumekwisha kuaibika.

Lakini Wini hakuwa anacheka tena. Aliweka kikombe mezani, akanigeukia mimi, maana kuna maneno mtu hawezi kumwambia nduguye usoni. Akanieleza kwamba mama yao alifariki yeye akiwa bado mdogo, na baba yao wa reli hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Watu wa serikali walikuja wamchukue wakamlee kwingine. Doroti akaacha shule siku ile, akaingia kiwanda cha biskuti, akawaambia wale watu kwamba mtoto huyu ana wa kumtunza. Akamsomesha mpaka uuguzi. Ilipofika zamu ya Doroti ya kuolewa, bwana mwenyewe hakumtaka Wini nyumbani kwake, na Doroti akamwambia bwana yule kwaheri.

"Kila kitu nilichonacho alikilipia yeye kwanza," akasema Wini. "Hii ndiyo mara ya kwanza katika maisha yetu kimekuja kitu ambacho anaweza kukipata yeye kabla yangu. Tena nimesoma ile karatasi mliyotuachia. Mnasema tukikaa kimya, jina litakuja kwangu lenyewe siku atakayokufa. Siku hiyo simu yangu italia, mtu wa London atanipongeza. Sitaki kupongezwa siku hiyo. Mnanielewa? Sitaki!"

Nje kulikuwa na watoto wanacheza mpira, kelele zao zinapanda mpaka ghorofa ile. Doroti alikuwa anatazama magoti yake. Sikuwahi kumwona mtu aliyeshindwa na mapenzi namna ile. Mwishowe akasema, "Nipe hiyo fomu na kalamu, Sakina. Nitakuwa Baronesi wa hii lifti mbovu." Wini akatia sahihi ya kuridhia chini ya jina la dada yake, kwa mwandiko wa haraka, kana kwamba anaogopa mwenzake atabadili nia.

Jumatatu nikamwambia Bwana Pringle nilichofanya. Nilitegemea kufukuzwa. Alitembea mpaka dirishani akarudi. "Mimi nimetenganisha pande mbili maisha yangu yote," akasema. "Sikuwahi kufikiria kuwapikia." Halafu akaniuliza kama visheti vimebaki.

Sasa mjifunze na hili: sehemu ngumu ya kazi hii ni kungoja. Maombi yakaenda London. Mawakili wakataka vyeti vya ndoa ya babu, wakaviona, wakataka vya bibi. Kamati ya vyeo ikakaa, ikaahirisha, ikakaa tena. Majani yakapukutika, theluji ikaanguka, na Doroti akawa hashuki kitandani. Wini alifunga nyumba yake Pickering akahamia kwenye kochi la dada yake. Kila nikienda ananipokea mlangoni kwa macho tu, ananiuliza, nami natikisa kichwa. Subira yavuta heri, tunasema, lakini mgonjwa wa moyo utampa subira ya wapi? Niliwapigia wale mawakili mpaka wakaijua sauti yangu na kunisingizia kwamba hawapo.

Mzee Pringle, ambaye kuharakisha jambo kwake ilikuwa sawa na kula kwa mikono miwili, alijifungia chumbani mwake akampigia rafiki yake wa zamani huko London. Sijui walisemezana nini. Nilimsikia neno moja tu kupitia mlango, alisema "tafadhali", na alilisema mara nyingi.

Jibu lilifika asubuhi, theluji inayeyuka. Mfalme ameridhia. Bwana Pringle alisimama mbele ya meza yangu akaniambia, "Nenda wewe." Ofisini kwetu tulikuwa na desturi kwamba anayepeleka habari ndiye wa kwanza kumwita mtu kwa cheo chake. Miaka yote ile alikuwa akienda yeye. Njiani kwenye treni nilikuwa nafanya mazoezi midomo ikitembea, abiria mwenzangu akahama kiti.

Mama Neema alifungua mlango. Aliniona uso, akapiga kigelegele kabla sijasema kitu, akaziba mdomo kwa mkono. Chumbani Doroti alikuwa ameegemezwa mito, mwembamba kama shuka yenyewe, na Wini amekaa ukingoni mwa kitanda anamchana nywele. Nikasimama wima. Nikainamisha kichwa, kama nilivyofundishwa, nikasema, "Habari za asubuhi, Ledi Hesterley."

Wini akafunika uso kwa kile kitana. Doroti alinitazama mimi, akamtazama mdogo wake, midomo yake inalipima lile neno. Nilimweleza yote: kwamba jina limeamka, ni lake, hakuna wa kumnyang'anya, na kuanzia leo atatia sahihi kwa neno moja tu, Hesterley. Alisikiliza kwa utulivu wa mtu anayesomewa majibu ya hospitali. Kisha akaniita nisogee.

"Nikifa," akasema, sauti yake ndogo, "linakwenda kwa Wini?"

"Ndiyo, Ledi."

"Atakuwa amelipata kwa yule binamu? Yule Erli tusiyemjua?"

"Hapana," nikasema. "La binamu lilikwishafika kwako, likaishia hapo. Yeye atalipata kutoka kwako. Wataandika hivyo London: amerithi kutoka kwako."

Akafumba macho. Nikaogopa, nikamtazama Wini, lakini kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa.

"Nyumba sina," akasema. "Akiba sina. Nimelala hapa miezi yote hii nikiwaza kwamba nakwenda zangu, na mwanangu sijamwachia kitu."

Alisema mwanangu. Nilikuwa nimewajua kwa muda wote ule na sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Wini, bibi mzima mwenye mvi na magoti mabovu, aliteremka polepole kutoka ukingoni mwa kitanda mpaka sakafuni, akalaza kichwa chake juu ya ile shuka, akasema, "Umeniachia, mama."

Mimi na Mama Neema tukaenda jikoni tukafungua bomba la maji, wasisikie tunavyolia.